Kifaru Kilichonasa Njia ya Shishiyu

Kwa miaka kadhaa mama yangu aliamini kwamba mimi ni daktari wa wanyama. Sikumdanganya. Nilipokuja likizo ya kwanza tangu nijiunge na jeshi, aliniuliza kazi yangu ni ipi huko, nami nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kisukuma changu hakikuwa na neno lake, kwamba natengeneza vifaru. Alikuwa anapepeta mtama. Akasimama, ungo mkononi, akatazama upande wa mashariki, kule ambako alipokuwa msichana mdogo walikatazwa kwenda kuokota kuni kwa sababu ya wanyama.

"Wanakula nini?" akauliza.

"Vinakula dizeli, mayu."

Alicheka sana, akidhani namtania. Kesho yake jirani wa kwanza aliyepita njiani alinipa pole ya kazi ya hatari, na jioni kanisani nikasikia nikitajwa kama binti anayetibu vifaru wa serikali. Nilijaribu kumweleza upya. Nilichora chini kwa kijiti, minyororo, mtutu, mlango wa juu. Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anavyoitikia anaposimuliwa ndoto ya mwenzake.

Baba hakuuliza kitu. Nilipomaliza shule na kwenda kambini kwa sheria ya vijana wa wakati ule, alitarajia nimalize mwaka wangu nirudi, maana kulikuwa na familia ya upande wa Migato iliyokwisha kuja kubisha hodi ya posa, na zizi lao lilikuwa na ng'ombe wa kutosha. Mimi nikabaki jeshini. Baba hakunigombeza. Alikata tu maneno yake yakawa mafupi, salamu na mvua, mvua na salamu, na nilipoondoka alikuwa ameshatangulia shambani.

Karakana yetu ilikuwa mbali, upande wa pwani. Lilikuwa banda refu la mabati lenye milango miwili mikubwa, na mchana joto la ndani lilikuwa zito kiasi kwamba mlio wa nyundo ulionekana kukufikia umechelewa. Ndani yake vilisimama vifaru vya kila namna. Kulikuwa na vizito vya Kichina, vyenye kichwa cha mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Kulikuwa na vyepesi vya Kichina pia, vilivyofanana na vile vizito kama mtoto anavyofanana na mjomba. Kulikuwa na vinavyoogelea, pua zake zimechongoka kama mtumbwi, na vidogo vya Kiingereza vya bati la alumini, vyenye mbio, vinavyokunywa petroli kama gari la mtu mkubwa. Upande wa pili yalipangwa magari ya deraya ya Kirusi, yanayotembea kwa magurudumu, na mojawapo lilikuwa na magurudumu madogo manne yaliyofichwa tumboni, ambayo hushushwa likifika kwenye mtaro. Nilipoyaona yakishuka mara ya kwanza niliruka nyuma kama nimeona nyoka.

Kila aina ilikuwa na spana zake, mafuta yake, maandishi yake na ugonjwa wake. Watu hudhani chuma hakichoki. Kifaru kinachosimama tu huharibika haraka kuliko kinachotembea. Mpira hukauka, betri hufa, maji ya mvua hujikusanya chini na mbu huzaliana humo, na tuliwahi kukuta nyuki wamejenga ndani ya mtutu. Kwa hiyo kila wiki tuliviamsha. Tulipaka grisi, tukakaza minyororo, tukawasha injini moja moja mpaka banda lote likatetemeka na njiwa wakahama paa. Kusafisha mtutu tulisimama kwenye mstari, tukisukuma mti mrefu wenye brashi, tukivuta na kusukuma kwa wimbo. Mikono tulifuta kwa mabaki ya pamba, na mara nyingi nilijikuta nimeyashika mabaki hayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikiwaza kama yalitoka kwenye mashamba ya kwetu.

Kisha likaja soko huria. Zamani spea zilifika kwenye makasha ya mbao, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya nta, zikitoka kwa nchi rafiki. Makasha yakapungua, kisha yakaacha kuja. Mjini, wakati huohuo, maduka yalijaa: sabuni za rangi zote, redio, sweta za mitumba zenye harufu ya nchi za baridi. Sajini aliyekuwa fundi wetu mkuu, mtu mpole mwenye kovu la moto shingoni, alirudi siku moja kutoka mjini amevua kofia, akakaa juu ya mnyororo wa kifaru.

"Kila kitu sasa kinauzwa," alisema, "isipokuwa tunachokitaka sisi."

Basi tukaanza kukata mipira ya kuzuia mafuta kutoka kwenye tyubu za malori. Kifaru kimoja mwishoni mwa banda kikageuzwa kuwa mtoaji. Kila mwenzake alipopungukiwa, tulikwenda kwake kuchukua: leo pampu, kesho kioo, keshokutwa gurudumu. Mwishowe ukisimama mbele yake uliweza kuona ukuta wa nyuma. Nilikuwa koplo wakati huo, na kazi yangu ilikuwa injini na minyororo. Niliipenda. Sijui namna nyingine ya kusema.

Mwaka mmoja tukaambiwa kuna zoezi la kijeshi katika mbuga za kanda ya ziwa. Vifaru vichache vilivyokuwa na afya vikapakiwa kwenye treni. Safari ile naikumbuka kama kitu nilichokiona nikiwa nimefumba macho. Tuliketi juu ya mabehewa ya wazi, migongo yetu kwenye chuma chenye joto, na nchi ikapita: mikonge, miombo, mawe, tena miombo, vituo vyenye wanawake waliobeba asali na karanga. Watoto walipunga mikono bila sauti. Mvua ilipotukuta nje ya Tabora niliingia ndani ya kifaru, nikalala kwenye kiti cha dereva, na matone yakapiga juu yangu kwa mlio ambao sijausikia tena popote, mlio mdogo, wa mbali, kama mtu anamwaga mtama kwenye ungo.

Tulishushwa Malampaka. Mvua zilikuwa zimewahi. Zoezi lilikuwa limepangwa kwa ardhi kavu, lakini nani anapanga na mbingu? Kifaru cha kuvutia wenzake kikaharibika gia palepale stesheni. Gogo linalobebwa mgongoni mwa kifaru kizito, kwa ajili ya siku ya kunasa, lilikuwa limeoza, na lilipodondoka wakati wa kushusha likakatika vipande viwili. Sajini aliangalia vile vipande, akanitazama. Tukaondoka hivyohivyo.

Kifaru chetu kilikuwa cha mwisho kwenye msafara. Tulipofika kwenye daraja dogo, njia ya kwetu Shishiyu, sajini akaona halitabeba uzito, akaamuru tupite pembeni. Pembeni palikuwa na majani mabichi mazuri. Chini ya majani palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukiwa mkavu hupasuka mguu ukaingia, na ukilowa humeza mpaka jembe. Kifaru kikaenda hatua kadhaa, kikainama upande, kikakaa. Dereva akakanyaga mafuta. Minyororo ikazunguka ikijichimbia yenyewe, maji meusi yakapanda, na injini ikazimika kwa mlio wa mtu anayekata kauli.

Ukimya ulioshuka hapo ulikuwa mkubwa. Msafara ulikuwa umeshapotea mbele. Niliinua kichwa, na ng'ambo ya mashamba nikaviona vilima vya mawe ambavyo nilichungia mbuzi nikiwa mtoto. Nyumbani kwetu palikuwa nyuma ya kile cha kushoto.

Watu walianza kuja. Wanaume walisimama mbali wakiwa na fimbo mabegani. Lori la mfanyabiashara mmoja kutoka Bariadi mjini, aliyekuwa akipeleka mitumba mnadani, likafika darajani likakwama, kwa kuwa minyororo yetu ilikuwa imebomoa ukingo wa barabara. Yule bwana, mtu wa makamo mwenye kofia ya vito, alishuka, akakitazama kifaru, akautazama umati, kisha akatandika turubai kando ya njia na kumwaga nguo zake hapo. Watu wakawa wanatazama kifaru kwa jicho moja na sweta kwa jicho lingine. Dereva wetu alikuwa anatetemeka kwa homa iliyomwanza usiku, na bwana huyo ndiye aliyempa nafasi alale ndani ya lori, akamfunika kwa makoti.

Nilikuwa nimelala chali kwenye matope, nikikagua chini ya mnyororo, nilipoona miguu ya mama. Niliijua kabla ya kuiona sura yake. Nikajivuta nje, ovaroli nyeusi tii, nywele zimejaa tope.

"Mayu."

Aliniangalia muda mrefu. Kisha akakiangalia kile kitu nyuma yangu, kuanzia chini mpaka kwenye mtutu.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndicho hiki, mayu."

Akasogea. Wanawake aliokuja nao walimwita kwa Kisukuma arudi, hakuwasikiliza. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa chuma, pale karibu na injini, akakiacha hapo.

"Ana joto," alisema kwa sauti ndogo. "Anaumwa nini?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia kwamba kimekunywa maji, kimenasa, na hatuna gogo la kukitolea. Aliitikia, na safari hii niliona kwamba ameelewa.

Baba alikuja baadaye, peke yake, akitembea kwa mwendo wake wa siku zote. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya mwaka. Umati ukampisha. Nilijua wenzangu wananitazama, na nilijua nimevaa nini, lakini mwili una kumbukumbu zake. Nikapiga goti kwenye matope, kama binti apigavyo goti mbele ya baba yake.

"Mwadila, baba."

Akaitikia salamu, akiniita mwanawe na kuulizia amani: "Mwadila, ng'wana wane. Mhola?"

"Mhola."

Nilipoinuka niliona sajini amevua kofia. Alimsalimia baba shikamoo, ingawa umri wao haukupishana sana.

"Mnahitaji nini?" baba akamuuliza.

"Gogo, mzee. Tunalifunga kwenye minyororo huku mbele, injini ikizungusha, linaingia chini, kifaru kinapanda juu yake. Lakini liwe nene, na liwe refu kuzidi upana wake."

"Nene kiasi gani?"

Sajini akaonyesha kwa mikono, kama mtu anayekumbatia ndama. Nchi yetu haina miti ya namna hiyo. Ni mbuga, mashamba ya pamba, minyaa na migunga ya hapa na pale. Baba alitazama ile mikono. Nikaona anawaza.

"Ninalo," alisema, akageuka akaondoka.

Mama akaniegemea. "La nyumba," alininong'oneza.

Baba alikuwa amepania nyumba ya bati. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kufika vijijini, wakishindana na ushirika, na msimu uliopita ulimwendea vizuri. Gogo la mninga lilitoka mbali, kwenye misitu ya upande wa Tabora, likiwa limeletwa kwa namna ambayo mama alisema ilichukua maneno mengi ya kupatana. Lilikuwa lisimame katikati ya nyumba na kubeba paa.

Baba alirudi akiliburuta kwa jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Nilimfuata pembeni.

"Baba, hilo ni la nyumba."

"Najua ni la nini."

"Litapondeka."

"Nyumba yenyewe haijaanza kunyeshewa," alisema, akainama kufungua mnyororo wa ng'ombe.

Wanaume waliokuwa wamesimama mbali wakaweka fimbo zao chini wakaja. Hakuna aliyewaita. Walilibeba gogo ndani ya matope yaliyowafika magotini, wakiimba wimbo wa kulima, na sisi tukalifunga kwa vyuma kwenye minyororo yote miwili. Ilibaki kuwasha injini. Betri zilikuwa zimezama. Lakini vifaru vile vimejaliwa njia ya pili: vina chupa za hewa iliyoshindiliwa, ukifungulia koki hewa huisukuma injini iamke. Nilisoma kipimo. Hewa ilikuwa imepungua, maana mipira yake nayo ilikuwa ile ya kukata wenyewe. Ilitosha kwa jaribio moja.

Sajini alitazama lori alikolala dereva. "Koplo," aliniambia, "ingia wewe."

Nilishuka ndani. Kiti kilikuwa kimelowa. Kupitia tundu la mbele niliona kipande cha dunia tu: majani, miguu ya watu, sweta ya njano ambayo mtu alikuwa ameshainunua na kuivaa juu ya kanzu. Nilipampu mafuta kwa mkono mpaka kipimo kikasogea. Sikusali, wala sikuwaza vita, wala nchi. Niliwaza karakana ya mchana, ile hewa nzito, njiwa juu ya paa. Kisha nikafungua koki.

Hewa ilipita kwa mluzi. Injini ikageuka mara moja, ikakohoa, ikageuka tena kwa uchovu, nikahisi inataka kulala. Halafu silinda moja ikashika, ya pili ikaifuata, na moshi mweusi ukafunika mbuga. Ng'ombe wa baba walikimbia na nira zao. Watu wakapiga yowe, wengine wakakimbia na ng'ombe.

Niliingiza gia ya kwanza. Gogo likazama mbele yangu, nikalisikia likisaga chini ya miguu yangu, mti wa nyumba ya baba ukilia chini ya chuma. Kifaru kikainuka. Kilipanda polepole sana, kama mzee anayenyanyuka kitini, anga likaingia kwenye lile tundu, anga tupu la baada ya mvua, na kwa muda sikuona kitu kingine. Kisha pua ikashuka, tukawa kwenye ardhi ngumu. Nikakanyaga breki kabla minyororo haijalipandisha gogo mgongoni.

Nilipotoka, sikusikia kelele za watu kwa sababu ya injini. Niliona midomo tu. Sajini alikuwa anacheka na kufuta macho. Baba alikuwa amesimama juu ya gogo lake. Lilikuwa limepondeka likawa nyuzinyuzi, kama muhogo uliochemshwa ukaiva mno. Aliligusa kwa ncha ya kiatu, akaniangalia, akatikisa kichwa mara mbili hivi, siyo kwa huzuni.

Hatukuweza kuzima injini, kwa kuwa hewa ilikwisha na betri zilihitaji kujaa. Kwa hiyo sajini akaiacha ingurume, na akaniruhusu niende nyumbani kula. Mchana ule naurudia mara nyingi. Nilioga kwa maji ya kisima nyuma ya nyumba. Mama akanipa maziwa ya mgando na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na kanga yake niivae wakati ovaroli inakauka kidogo juani. Toka kule njiani injini ilisikika, mlio mzito, sawasawa, unaokuja na upepo na kuondoka nao. Kuku walikuwa wamelala vumbini. Nilisinzia nimeegemea ukuta, na kila nilipofumbua macho mama alikuwa palepale, akinitazama mikono.

"Wanakupiga?" aliniuliza mara moja.

"Hapana, mayu."

"Basi wabeja," alisema, sijui akimshukuru nani.

Jioni tuliondoka. Yule mfanyabiashara aliuza karibu nguo zake zote pale darajani, akageuza lori bila kufika mnadani, na kumpeleka dereva wetu hospitali ya Bariadi, alikopona. Sisi tukaufuata msafara. Zoezi likaendelea siku zake likaisha, vifaru vikarudishwa kwenye treni kwa njia nyingine, na sajini, ambaye alikuwa amemwahidi baba gogo jipya kwa mdomo wake mwenyewe, akahamishwa kabla hajapata nafasi. Aliniandikia salamu mara kadhaa akiliulizia.

Vifaru vya aina ile navyo havikudumu. Miaka iliyofuata kimoja baada ya kingine vilipelekwa mwisho wa banda. Kile cha Shishiyu kilitoa injini yake kwa mwenzake, kisha minyororo, na mimi ndiye niliyefungua boliti. Nilifanya kazi hiyo taratibu, siku iliyokuwa na mvua, na wenzangu waliniachia nafasi.

Nilipopata likizo ndefu nilikwenda Bariadi mjini, ambako siku hizo watu binafsi walikuwa wamefungua mabanda ya kuuza mbao. Nikachagua nguzo na boriti, nikazipeleka nyumbani kwa lori. Baba alizikagua moja moja, akakataa mbili. Nyumba ikasimama kabla ya mavuno ya pamba. Ilikuwa ndogo kuliko aliyoipanga, na paa lake lilikuwa na mwinamo kidogo upande wa jikoni ambao hakuna aliyejua chanzo chake.

Jioni moja, mimi nikiwa nakaribia kurudi kazini, tulikaa barazani, yeye kwenye kiti cha ngozi ya ng'ombe, mimi kwenye mkeka. Familia ile ya Migato ilikuwa imeshamwoza kijana wao kwingine. Alinieleza hilo bila uchungu, kama habari ya mvua. Kisha akaniuliza swali la kwanza alilowahi kuniuliza juu ya kazi yangu.

"Hivyo vyote mnavyovitunza," alisema, "umewahi kwenda navyo vitani?"

"Hapana, baba. Nimevitunza tu."

"Vimekaa tu?"

"Vimekaa tayari."

Aliwaza. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, vumbi limepata rangi ya jua linalozama. "Nieleze vilivyo," alisema. "Kila kimoja."

Nikaanza na vizito. Nilimweleza vichwa vyake, uzito wake, jinsi unavyojua mnyororo umelegea kwa kusikiliza tu. Nikaja kwa vyepesi. Sikuwa nimefika mbali nilipoona kidevu chake kimegusa kifua na fimbo imemtoka mkononi, imelala sakafuni. Mama alitokeza mlangoni, akamwangalia, akanifanyia ishara nisimwamshe. Akaketi karibu yangu kwenye mkeka, akakunja miguu.

"Endelea," alisema.